Namna Mwili Unavyopika Kolesteroli na Kuipima

Labda ulitolewa damu hospitalini, na mganga akasoma karatasi yako na kukuambia, "Kolesteroli yako iko juu." Ukarudi nyumbani na neno hilo bila kujua maana yake. Jirani mmoja akasema ni mafuta ya mawese. Mwingine akasema ni ugonjwa wa matajiri wanaokula nyama kila siku. Wa tatu akakuuzia chupa ya maji ya mizizi ya kusafisha damu, naye ndiye peke yake aliyepata faida. Katika somo hili tutazame kolesteroli ni kitu gani, inatoka wapi, na namna gani chembe za mwili zinavyojua kuitengeneza kwa kipimo. Ukifahamu jambo hili la mwisho, utafahamu pia kwa nini mganga anataka umeze kidonge kila siku ingawa husikii maumivu yo yote.

Kwanza ujue kwamba kolesteroli si uchafu wala sumu. Ni kitu cheupe kinachofanana na nta ya mshumaa, nacho hakichanganyiki na maji. Mtaalamu Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikipa jina mwaka 1815, kwa kuwa kilipatikana katika vijiwe vinavyotokea ndani ya mfuko wa nyongo. Jina lenyewe limetoka katika maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyongo na kitu kigumu.

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana, nyingi kupita kuhesabu, na kila chembe imezungukwa na ngozi nyembamba. Ngozi hiyo haiwezi kukaa imara bila kolesteroli. Tena ini hutumia kolesteroli kutengeneza vitu vya nyongo vinavyoyeyusha mafuta ya chakula. Mwili huitumia pia kutengeneza vile vitu vinavyomfanya kijana aote ndevu na msichana aanze kwenda mwezini. Hata vitamini D, ambayo ngozi huipata kwa jua, inatoka katika ndugu wa karibu wa kolesteroli. Na katika kolesteroli yote ya mwili, robo hivi imo ndani ya ubongo.

Basi, mwili hauwezi kungoja mpaka mtu apate yai au kipande cha nyama. Mtu asiyekula ila bugali na sombe, mwaka hata mwaka, bado ana kolesteroli katika damu yake, kwa sababu anaipika mwenyewe. Kwa watu wengi, karibu robo tatu ya kolesteroli ya mwili haikutoka sahanini. Ilipikwa na chembe zao, hasa za ini na za matumbo.

Inapikwa kwa nini? Kwa kitu kidogo kilicho ndugu wa siki, ambacho mwili hukipata kwa kuvunja mafuta, sukari na vyakula vingine. Chembe huchukua vipande 18 vya kitu hicho, na kwa hatua karibu 30 huviunga, huvikunja na kuvipunguza hata vinakuwa kolesteroli moja. Konrad Bloch huko Marekani na Feodor Lynen huko Ujerumani walifanya kazi miaka mingi kuzifuata hatua hizo, nao walipewa tuzo la Nobel mwaka 1964.

Kila hatua ina fundi wake. Fundi huyu tunamwita enzima. Enzima si mtu wala mdudu. Ni kitu cha jamii ya protini, kilichotengenezwa na chembe yenyewe, chenye kujua kazi moja tu. Moja hukata, nyingine huunga, nyingine hukunja. Kati ya mafundi hao wote yuko mmoja aliye kama kapita wa kazi. Jina lake refu ni HMG-CoA reduktasi; sisi tutasema reduktasi. Yeye anasimama karibu na mwanzo wa safari. Umeona watu wakifanya matofali: anayetia udongo katika kibao akisimama, wanaopanga tanuru hukosa kazi wote. Vivyo hivyo reduktasi ikienda polepole, kazi yote inakwenda polepole.

Sasa shida ni hii. Sukari na mafuta mengine mwili unaweza kuyachoma kama kuni ili upate nguvu. Kolesteroli haichomeki. Chembe ikiisha kuipika haina njia ya kuivunja iwe majivu; njia yake kubwa ya kutoka mwilini ni kupitia ini, katika nyongo, na mwisho katika choo. Kwa hiyo chembe ikipika ovyo itajaa, na isipopika itakufa. Inapasa ipime.

Mwaka 1933 Rudolf Schoenheimer alionyesha kwamba panya anayelishwa kolesteroli nyingi hupika kidogo, na asiyelishwa hupika zaidi. Lakini namna gani chembe isiyo na macho wala ulimi inajua kiasi kilichomo ndani yake? Jibu lilikawia miaka mingi, nalo ni zuri sana, kwa hiyo twende nalo polepole.

Ndani ya chembe mna vyumba vyenye kuta nyembamba za mafuta. Katika kuta za chumba kimoja amefungwa mjumbe. Wataalamu wanamwita SREBP, nao walimpata mwaka 1993. Pembeni yake yuko mwenzake aitwaye SCAP, aliyetambuliwa mwaka 1996, na kazi ya huyo ni kuonja ukuta. Kolesteroli ikipungua ukutani, SCAP humchukua mjumbe na kumpeleka mpaka chumba kingine kinachoitwa Golgi. Huko mna mikasi miwili. Wa kwanza unamkata, kisha wa pili unamkata, na kipande kilichofunguliwa kinakwenda moja kwa moja hata kiini cha chembe. Kiini ndicho barza la chembe, pahali panapotunzwa maagizo yote. Kipande kile kinafungua maagizo ya kupika kolesteroli, na chembe inaanza kutengeneza mafundi wapya: reduktasi na wenzake wote.

Na kolesteroli ikirudi? Inapofika kama sehemu 5 kwa 100 za mafuta ya ukuta ule, SCAP anageuka umbo, na mlinzi aitwaye Insig, aliyejulikana mwaka 2002, anamshika. Mjumbe anabaki pale pale, mikasi haimpati, na maagizo yanafungwa. Hivyo chembe inaonja ukuta wake kama mama anavyoonja chumvi ya mchuzi, naye haachi kuonja mchana wala usiku.

Mlinzi huyo ana kazi ya pili. Kusimamisha mafundi wapya hakutoshi ikiwa wa zamani bado wanafanya kazi. Kwa hiyo vitu vya jamii ya kolesteroli vikizidi, Insig anashikamana na reduktasi yenyewe. Reduktasi inatiwa alama na kuvunjwavunjwa upesi, wakati ambapo kama chembe ingekuwa na haja ingeishi saa nyingi. Tena iko enzima nyingine inayopima nguvu za chembe, na wakati wa njaa huifunga reduktasi isipoteze kuni. Kupika kolesteroli ni kazi ya gharama, na mwenye njaa hajengi nyumba.

Tumesema habari za kupika. Lakini chembe ina njia nyingine ya kupata kolesteroli, nayo ni kuiokota katika damu. Kwa kuwa kolesteroli haichanganyiki na maji, haiwezi kuogelea peke yake. Ini huifunga katika mizigo yenye protini kwa nje, na mizigo hiyo inayozunguka kwa muda mrefu katika damu inaitwa LDL. Hilo ndilo neno unaloliona katika karatasi yako. Mzigo mmoja hubeba kolesteroli kama 1,500 ndani yake. Damu ni mto, na mizigo inaelea. Kwenye ukingo wa kila chembe, hasa chembe za ini, iko mitumbwi midogo ya kuipokea. Wataalamu wanasema vipokezi vya LDL, lakini tuseme mitumbwi. Mtumbwi hushika mzigo, huingia nao ndani, huuacha, kisha hurudi ukingoni. Safari moja, kwenda na kurudi, ni dakika 10 hivi. Mtumbwi mmoja unaishi kama saa 20 na kufanya safari zaidi ya mia kabla ya kuchakaa.

Na maagizo ya kuchonga mitumbwi hiyo hufunguliwa na mjumbe yule yule! Ndilo jambo ninalotaka ulishike sana kuliko mengine. Kolesteroli ikipungua ndani ya chembe, mjumbe anaamuru mambo mawili pamoja: pikeni zaidi, na chongeni mitumbwi zaidi.

Michael Brown na Joseph Goldstein, waganga wawili wa Dallas katika jimbo la Texas, ndio waliovumbua mitumbwi hii. Walianza kazi hiyo mwaka 1972. Walichukua vipande vidogo vya ngozi za watu wazima wa afya, na vya watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli, wakazilea chembe zao katika vyombo vya kioo. Chembe za wenye afya zilipopewa LDL ziliacha kupika. Zilipoondolewa LDL zilianza tena. Chembe za watoto wagonjwa zilipika siku zote, mara 40 hadi 60 kuliko zile nyingine, hata zilipozungukwa na LDL. Ungeweza kudhani kwamba kapita ameharibika. Lakini walipoyeyusha kolesteroli peke yake katika kileo, ikaweza kupenya bila mtumbwi, na chembe za wagonjwa zikaacha kupika mara moja. Basi kapita alikuwa mzima. Zilikosa mitumbwi, na kwa hiyo hazikupata habari kwamba mto umejaa. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo la Nobel mwaka 1985.

Ugonjwa huu si wa Texas tu. Kila mtu hupokea maagizo ya mitumbwi mara mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mtu mwenye agizo moja bovu ana nusu ya mitumbwi iliyo mizima, na watu wa namna hii ni kama 1 kati ya 250 au 300 duniani. Huko Afrika ya Kusini, kati ya Waafrikaner, ambao wengi wanatoka katika wazee wachache waliohamia zamani, wanafika kama 1 kati ya 70 hadi 100. Mwanamume wa namna hii asipotibiwa, nusu ya wenzake hupata shambulio la moyo kabla ya miaka 50. Mtoto aliyepokea maagizo mabovu mawili ni nadra sana, lakini kolesteroli yake inaweza kupita miligramu 600 katika desilita moja ya damu, na moyo unaweza kumwangusha kabla ya miaka 20.

Hapa niseme jambo linalotuumiza katika vijiji vyetu. Baba anaanguka shambani akiwa na miaka 42. Baada ya miaka michache mdogo wake anaanguka vilevile. Jamaa wanakaa matanga, na kabla ya siku ya tatu wanaanza kuulizana ni nani aliyewaloga, au ni nani aliyewatilia sumu. Mwisho wanamtazama mjane, au bibi mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Wako bibi waliofukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya vifo ambavyo hawakuvijua. Mzee wa kanisa anaposikia shauri la namna hii, na aulize kwanza: je, wengine wa ukoo huu walikufa kwa moyo wakiwa vijana? Je, wako wenye vinundu vigumu juu ya mshipa mkubwa wa kisigino au juu ya vifundo vya vidole vya mkono, au alama za manjano penye kope za macho? Vinundu hivyo juu ya mishipa ni kolesteroli iliyokosa pa kwenda. Ndugu waliobaki na watoto wao wapimwe damu. Si kila kifo cha ghafula ni cha kolesteroli. Damu iliyopanda na magonjwa mengine ya moyo ni mengi zaidi kwetu. Lakini hayo nayo hupimwa hospitalini, hayapimwi matangani.

Sasa dawa. Huko Japani, mwaka 1971, Akira Endo alianza kutafuta kitu cha kufunga mikono ya reduktasi. Alifikiri kwamba ukungu fulani huenda unajilinda na adui zake kwa kuwazuia kutengeneza vitu vya jamii ya kolesteroli. Yeye na wenzake walipima aina kupita 6,000 za ukungu na vimelea vya namna hiyo. Mwaka 1973 walikipata kitu walichokitafuta katika ukungu wa buluu uliotoka katika mchele wa duka la nafaka la mji wa Kyoto, nao ni wa jamii ile ile iliyotupa penisilini. Walipompa panya, kolesteroli yake haikushuka, kwa sababu ini la panya lilijibu kwa kutengeneza reduktasi nyingi sana. Wengine wangetupa dawa hiyo. Endo na wenzake waliwapa kuku wanaotaga, kisha mbwa, na kolesteroli ya hao ikashuka. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo iliyoruhusiwa Marekani ni lovastatini, mwaka 1987. Leo ziko kadhaa, kama simvastatini na atorvastatini. Zote tunaziita statini.

Angalia sasa ginsi dawa inavyotumia hekima ya chembe yenyewe. Statini inaifunga reduktasi ya ini. Kolesteroli ndani ya chembe za ini inapungua. SCAP anaonja upungufu, mjumbe anapelekwa, mikasi inakata, na maagizo yanafunguliwa. Chembe inajaribu kupika lakini fundi amefungwa. Basi inachonga mitumbwi, mingi kuliko kwanza, na mitumbwi inaiokota LDL katika damu. Kwa hiyo kidonge hakisafishi damu kama sabuni. Kinalitia ini njaa kidogo ya kolesteroli, nalo ini ndilo linalosafisha. Na ukiacha kumeza, reduktasi inafunguliwa, ini linashiba, mitumbwi inapungua, na baada ya wiki chache mto umejaa kama kwanza. Ndiyo maana hatukupi statini ya siku saba kama dawa ya malaria.

Je, inaokoa watu kweli? Katika nchi za Ulaya ya kaskazini walipima wagonjwa wa moyo 4,444 kwa miaka kama mitano, na habari ilitolewa mwaka 1994. Katika waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 256. Katika waliopewa simvastatini walikufa 182.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Afrika. Mwaka 2003 wataalamu walikuta katika jamaa fulani za Ufaransa kitu kinachoitwa PCSK9. Kitu hiki hushikamana na mtumbwi na kuupeleka kuvunjwa, usirudi tena ukingoni. Wenye PCSK9 yenye nguvu kupita kiasi walikuwa na kolesteroli nyingi. Kisha Dallas wakatafuta watu walio kinyume chao, nao wakawapata kati ya Wamarekani weusi, ambao asili yao ni Afrika. Habari ya mwaka 2006 ilisema kwamba kama watu 26 kati ya 1,000 katika hao wana agizo la PCSK9 lililovunjika tangu kuzaliwa. LDL yao ilikuwa chini kwa sehemu 28 kwa 100, na magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa machache kwa sehemu 88 kwa 100. Huko Zimbabwe alipatikana mama mmoja mwenye maagizo yote mawili yaliyovunjika, LDL yake ndogo ajabu, naye mzima. Tangu 2015 iko dawa ya sindano inayoikamata PCSK9, ila bei yake bado ni kubwa sana kwa wagonjwa wetu.

Turudi kwa jirani wa kwanza, yule wa mawese. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, maana miti karibu haina kitu hicho. Lakini nusu hivi ya mafuta yake ni ya ile namna inayoganda wakati wa baridi, kama mafuta ya ngombe na siagi, na mafuta ya namna hiyo hupunguza mitumbwi ya ini. Kwa hiyo yeye amekosea njia, lakini hakukosea sana mwisho. Siwaambii mama waache mawese. Yale mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na macho ya watoto yanakihitaji. Mtu mzima aliyeambiwa kwamba kolesteroli yake iko juu apunguze mawese, asikaange tena na tena katika mafuta yale yale, na atumie ya karanga au ya soya akiyapata. Yai moja lina miligramu 200 hivi za kolesteroli, lakini kwa watu wengi ini hupunguza mapishi yake mtu anapokula, kwa hiyo yai moja moja halina neno. Maharagwe, mboga za majani na samaki ni vizuri. Tumbako huharibu mishipa hata kama kolesteroli ni ndogo.

Ukipewa statini, imeze kila siku kama ulivyoagizwa, na rudi kupimwa damu kwa siku uliyoandikiwa. Usimgawie ndugu yako vidonge vyako. Mwambie mganga dawa nyingine zote unazotumia, hata za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi na za miti, kwa maana nyingine zinapigana na statini au kuizidisha nguvu. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, au anayenyonyesha, aseme kabla ya kumeza. Misuli ikiuma sana bila kazi nzito, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha kidonge na uje hospitalini siku ile ile, na ulete paketi ya dawa pamoja nawe.